Mchezo Mdogo wa Betri Mbili

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishastaafu, hasa kama alikuwa mwalimu, hubakiwa na mambo matatu tu: shamba, ibada na kuwalalamikia vijana. Mimi yote matatu nayafanya, na hilo la tatu nalifanya kwa bidii kuliko inavyostahili. Lakini ninalo na la nne, ambalo baadhi ya wazee wenzangu hapa Lushoto hawajalizoea hata leo. Napenda mashine ndogo za mkononi: vikokotoo, kompyuta za mfukoni za zamani, na vile vichezeo vya betri ambavyo watoto huviita gemu. Ninavyo kumi na kimoja. Vyote vinaenea katika sanduku moja la mbao lililokuwa la chaki, na ukivipeleka vyote gulioni hutapata fedha ya kununulia mbuzi wawili wazuri.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili kukushawishi ununue kitu. Nataka kueleza kwa nini mtu wa miaka sabini na mitano, aliyefundisha kwa karibu miaka arobaini, huona furaha katika kitu ambacho mtoto wa darasa la nne amekwisha kukichoka. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi. Wengine huuliza kwa kicheko, wengine kwa masikitiko, kana kwamba nimeanza kupungukiwa. Nalijibu hapa kwa utulivu, maana barazani sipewi nafasi ya kumaliza maneno yangu.

Yafaa kwanza nieleze nimetokea wapi. Mimi nilimaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1971. Pale chuoni, mashine ya maana kuliko zote ilikuwa mashine ya kurudufu, na mwalimu aliyejua kuiendesha bila kujipaka wino alihesabiwa kuwa fundi. Hesabu ngumu tulizifanya kwa vitabu vya majedwali ya tarakimu nne. Kompyuta tulizisikia kama mtu anavyosikia habari za theluji: kwamba ipo, na kwamba kuna watu wameiona.

Kisha ukaja mwaka 1974. Mwaka huo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Sisi walimu tuliyapokea maamuzi hayo mawili kwa namna tofauti. Lile la kwanza halikutugusa, kwa sababu mtu hawezi kunyimwa asichokuwa nacho. Lile la pili liliniletea watoto themanini katika darasa lenye madawati kumi na mawili. Nami sisemi kwamba uamuzi ule wa kompyuta haukuwa na sababu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, ukame ulikuwa umeunguza mashamba, na fedha za kigeni zilitakiwa kununulia chakula. Nasema tu kwamba kizazi changu kilipitia umri wa kujifunza haraka bila kuzigusa mashine zile. Vikwazo vilipolegezwa kidogo kidogo katika miaka ya themanini na tisini, nywele zetu zilikuwa zimeanza mvi. Televisheni yenyewe Tanzania Bara iliipata mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa kikokotoo. Niliipata mwaka 1985, wakati nikifundisha katika kijiji kimoja juu ya Mlalo, kutoka kwa ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Ilikuwa na kipande cheusi cha kukusanyia mwanga, haikutaka betri hata moja. Wasomaji vijana hawatajua uzito wa jambo hilo. Miaka ile betri za National, ingawa zilitengenezwa hapahapa Dar es Salaam, zilikuwa adimu, na mwenye redio alizianika juani au kuzipasha moto karibu na jiko ili zimalizie walau taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sasa hapo ikaja mashine inayokula mwanga. Nikiwaonyesha watoto wa darasa la saba, mmoja alikiziba kile kipande cheusi kwa kidole, na tarakimu zikafifia polepole hadi zikatoweka. Alipoondoa kidole zikarudi, lakini hesabu aliyokuwa ameanza ilikuwa imepotea. Darasa zima lilinyamaza. Siku ile nilifundisha somo la nishati bila kuandika neno ubaoni.

Gemu yangu ya kwanza niliinunua Tanga mjini mwaka 1997 kwa shilingi elfu nne. Ni kile kichezeo cha plastiki kutoka China ambacho katika miaka ile kilienea kila mahali, kuanzia Kariakoo hadi kwenye maduka ya vijijini. Kina kioo cha kijivu chenye vimraba kumi kwa upana na ishirini kwa urefu, vitufe vichache, na betri ndogo mbili mgongoni. Juu yake yameandikwa maneno ya kujisifu kwamba ndani yake imo michezo 9999. Mwalimu wa hesabu hawezi kusoma maneno kama hayo akanyamaza. Niliihesabu. Michezo iliyo tofauti kweli haifiki ishirini. Kilichobaki ni ileile ikirudiwa kwa mwendo wa kasi zaidi au kwa kuanzia mahali pagumu zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi ni tangazo, na tangazo lazima lihesabiwe upya na mnunuzi.

Mchezo mkuu katika kifaa kile ni ule wa matofali yanayoanguka. Asili yake ni mchezo uitwao Tetris, uliobuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti huko Moscow. Kompyuta aliyoitumia haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali yake aliyaunda kwa alama za mabano, zile tunazozitumia katika maandishi. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi sana. Mtu alikuwa na mashine duni, akatoa ndani yake mchezo ambao dunia nzima inaucheza hadi leo.

Maumbo yake ni saba tu, na kila moja lina vimraba vinne. Niliyakata kwa maboksi ya sabuni nikawapa watoto kazi hii: kuna maumbo saba, kila moja vimraba vinne, jumla ishirini na nane. Yapangeni yawe mstatili wa nne kwa saba. Walihangaika kipindi kizima, na kipindi kilichofuata. Wengine waliapa kwamba walifaulu jana nyumbani lakini leo wamesahau. Mwishoni nikawaambia wapake kila kipande rangi kwa zamu, kimraba cheusi na kimraba cheupe, kama ubao wa drafti. Maumbo sita yalitoa vimraba viwili vyeusi na viwili vyeupe. La saba, lile lenye sura ya herufi T, lilitoa vitatu kwa kimoja. Ukijumlisha yote saba utapata kumi na tano kwa kumi na tatu. Na mstatili wa nne kwa saba una kumi na nne kwa kumi na nne. Basi haiwezekani, na haitawezekana hata wakihangaika mpaka kiama. Nakumbuka msichana mmoja alivyosema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Kwa hiyo Mwalimu, si kwamba sisi hatujui!" Naam. Kuna mambo yasiyowezekana, na kuna raha kubwa katika kujua kwa nini hayawezekani. Kichezeo cha shilingi elfu nne kilinipa somo hilo.

Baadaye nilianza kusoma habari za watu waliozibuni mashine hizi, na hapo nikakutana na Mjapani mmoja, Gunpei Yokoi, aliyekuwa mbunifu katika kampuni ya Nintendo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa safarini kwa treni alimwona abiria mmoja akijipotezea muda kwa kubonyeza vitufe vya kikokotoo, akapata wazo. Mwaka 1980 kampuni yake ilianza kuuza vichezeo vidogo vyenye saa, vilivyotumia kioo na vipuri vya aina ileile ya vikokotoo. Mwaka 1989 ikatoka Game Boy, mashine ya kijivu yenye betri nne. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti nane tu, yaani kama kurasa chache za daftari hili, na kioo chake hakikuwa na rangi. Mwaka huohuo na uliofuata, kampuni nyingine zilitoa mashine zenye vioo vya rangi vinavyong'aa, lakini zilitaka betri sita na zilizimaliza kwa saa chache. Ile ya kijivu ndiyo iliyoshinda. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Falsafa ya Yokoi, aliyefariki mwaka 1997, ilikuwa kwamba mbunifu asikimbilie kipuri kipya cha bei kubwa. Achukue kile kilichokwisha kuzoeleka, ambacho ni rahisi na hakisumbui, akitafutie kazi mpya. Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyefundishwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Nilipoyasoma maneno hayo niliona kwamba Mjapani huyu na sisi tulikuwa tunazungumza jambo moja. Shule zetu za milimani hazikukosa vitu tu. Zilikosa mara nyingi mazoea ya kuuliza, hiki nilicho nacho kinaweza kufanya nini zaidi? Mwalimu anayesubiri maabara ndipo afundishe sayansi atastaafu akisubiri. Lakini nasema hivi kwa tahadhari, maana maneno ya kujitegemea yametumika pia kuwaridhisha watu na umaskini wao. Yokoi hakukichagua kipuri rahisi kwa sababu alilazimishwa. Alikichagua kwa sababu alikijua vizuri. Hiyo ndiyo tofauti, nami huwaomba walimu vijana waishike.

Simu za mkononi zilipofika huku juu, tulipata mchezo wa nyoka. Uliwekwa kwa mara ya kwanza katika Nokia 6110 ya mwaka 1997, lakini wengi wetu tulikutana nao katika simu za bei nafuu zilizofuata. Mwaka 2003 ilitoka Nokia 1100 yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Na simu za aina hiyo ndizo zilizotupa neno "kitochi," ambalo sasa ni jina la kila simu ndogo isiyo janja. Ninacho kitochi changu hadi leo. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na ukungu wa Magamba ukishuka jioni, tochi yake hunitoa barabarani hadi mlangoni.

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo, ingawa nimezunguka kama barabara ya Mombo hadi Soni.

Mwaka 2016 mke wangu, ambaye naye alikuwa mwalimu, alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na mkono ule uliokuwa ukiandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza kuliko wangu ukawa haushiki kijiko. Alipewa mazoezi, na miongoni mwake lilikuwa zoezi la kuubinya mpira mdogo mara nyingi kwa siku. Alilifanya kwa majuma mawili, kisha akauweka mpira dirishani. Nilipomsihi aendelee akaniambia, kwa ulimi ambao bado ulikuwa mzito: "Mwalimu, huu mpira hauna mwisho. Nipe kitu kinachokwisha."

Nilikaa siku nzima nikiyafikiri maneno hayo. Jioni nikamletea ile gemu ya Tanga.

Katika kifaa kile, vitufe vya kupeleka tofali kushoto na kulia viko upande wa kushoto, na kitufe kikubwa cha kulizungusha kiko upande wa kulia. Mwanzoni alikilaza juu ya mto akabonyeza vyote kwa mkono wa kushoto, akaukemea ule wa kulia kama mwanafunzi mchelewaji. Matofali yalijaa haraka, mchezo ukaisha, akaanza tena. Hicho ndicho alichokitaka: kushindwa kunakokwisha, na kuanza upya kusikomwuliza mtu. Baada ya miezi mitatu hivi, kidole gumba cha kulia kilianza kugusa kile kitufe kikubwa. Baada ya miezi sita kilikuwa kinakibonyeza. Sitasema kwamba gemu ndiyo iliyomrudishia kidole. Mazoezi yalikuwa mengi, watoto wetu walimkanda, majirani walimwombea, na viungo vingine havikurudi kabisa. Nasema kwamba alikuwa na sababu ya kuamka na kukaa kitako.

Alama zake alizitaka ziandikwe. Kwa hiyo tulifungua daftari la mistari, kurasa 48, nami nikaandika tarehe na alama. Ilipofika mwaka 2018 aliniambia nimpe kalamu, akaanza kuandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda mlima. Alama yake ya juu kuliko zote ilikuwa 21,400. Mimi nilikuwa sijavuka elfu kumi na nne. Wageni walipokuja kumjulia hali, yeye ndiye aliyewauliza: "Mmesikia Mwalimu amepata ngapi?"

Alifariki mwaka 2019.

Kifaa kile hakina mahali pa kudumu pa kuhifadhi alama. Namba ya juu hukaa humo maadamu betri zimo na zina nguvu, ukizitoa, inafutika. Baada ya arobaini nilikikuta juu ya kabati, nikakiwasha, na ile 21,400 ikatokea pembeni mwa kioo kama ilivyo kawaida yake. Kila mtu anayehifadhi vifaa vya namna hii anajua kanuni ya kwanza ya kazi: usiache betri kuukuu ndani ya kifaa usichokitumia. Zitavuja, na ule umajimaji wake utakula springi na waya hadi kifaa kife. Nikiziacha betri, nitaibakiza namba na kukiua kifaa. Nikizitoa, kifaa kitaishi na namba itakwenda.

Sikuamua siku ile, wala juma lile. Ndugu zangu walio barazani wangecheka kama wangejua kwamba mzee mzima alikosa usingizi kwa ajili ya betri mbili za AA. Mwishowe nilifungua daftari, nikautafuta ukurasa alioandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nikahakikisha kwamba namba iliyo kwenye karatasi ni ileile iliyo kwenye kioo. Kisha nikazitoa. Moja ilikuwa imekwisha kuanza kuota unga mweupe. Niliisugua springi kwa kitambaa chenye siki kidogo, nikakausha, nikaweka betri mpya. Kioo kikawaka, na mahali pa alama ya juu palisomeka sifuri.

Nilijifunza jambo pale, nalo ni hili. Tunapokihifadhi kitu cha mpendwa wetu, mara nyingi tunahifadhi kile ambacho hakiwezi kudumu, na tunaacha kuandika kile ambacho kingedumu. Mke wangu hakuwamo katika kumbukumbu ya kifaa. Alikuwamo katika ule mwandiko unaopanda mlima. Daftari lile nimeliweka pamoja na vyeti vyetu. Gemu naendelea kuicheza. Mara mbili nimeikaribia alama yake, sijaifikia. Watoto hudhani nasimama makusudi kwa heshima. La hasha. Alikuwa mchezaji bora kuliko mimi.

Vifaa vingine vilinijia baadaye. Mjukuu wangu asomaye Dar es Salaam aliniletea kutoka Kariakoo kifaa cha mkononi kisichozidi ukubwa wa sabuni ya kufulia, ambacho kwa kutumia programu iitwayo emyuleta hujigeuza kuwa mashine nyingi za zamani, ile Game Boy ikiwamo. Ni ajabu ya kupendeza, mashine kuiga mashine. Lakini kilikuja na maelfu ya michezo ambayo aliyeiweka hakuomba ruhusa kwa mtu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mimi kama mtu anayeandika siwezi kutaka kitabu changu kiheshimiwe huku nikiudharau mchezo wa mwenzangu. Bahati nzuri wako watu leo, katika nchi mbalimbali, wanaotunga michezo mipya kwa ajili ya mashine hizo za kale na kuitoa bure kwa hiari yao. Hiyo ndiyo niliyomwambia mjukuu wangu aniwekee.

Yeye na mimi tuna kazi nyingine. Ametuletea kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Raspberry Pi Pico, kilichoanza kuuzwa mwaka 2021 kwa dola nne za Marekani, pamoja na kioo kidogo na vitufe. Tunajaribu kukifundisha bao la Kiswahili. Kusambaza kete katika mashimo thelathini na mawili hakukuwa na taabu, na kete zote sitini na nne zilihesabika vizuri. Taabu ilikuja tulipofika kwenye nyumba. Je, mchezaji akifika katika nyumba yake ana hiari ya kulala au ya kuendelea, na hiari hiyo inaisha lini? Nilikwenda kuwauliza wazee watatu ambao nimewaona wakicheza tangu nikiwa kijana. Nilipata majibu manne. Barazani tofauti hizo humalizwa kwa kelele, na anayejua kusema ndiye anayeshinda. Mashine haina masikio ya kelele. Inataka uiambie yote, hadi lile ulilodhani kila mtu analijua. Sasa wazee wale wale walionicheka hukaa nami wakibishania kanuni, na mmoja wao ameanza kuniuliza kila tunapokutana: "Mwalimu, kile kitoto chako kimeshajua kula?"

Nikumbushe hapa kwamba hakuna aliyewahi kusema bao ni mchezo wa watoto. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Mzee akiinamia kete kuanzia alasiri hadi magharibi watu husema anatuliza akili. Akiinamia kioo chenye vimraba kwa nusu saa, husema amerudi utoto. Sioni tofauti hapo ila mazoea.

Tofauti ninayoiona mimi iko mahali pengine, nayo ni kubwa. Siku hizi katika vijiji vyetu zimeingia mashine za kamari zinazomeza sarafu za shilingi mia mbili, na vijana huziita dubwi. Nazo zina taa na vitufe, na mtoto asiye na habari anaweza kudhani kwamba ni ndugu wa gemu yangu. Si ndugu yake. Gemu yangu ililipiwa mara moja, mwaka 1997, na tangu hapo haijaniomba kitu ila betri. Dubwi hulipiwa kila mara na halishibi. Na hata simu janja, yenye manufaa yote niyajuayo, huja na michezo inayomwita mtu usiku wa manane na kumwuzia sarafu za hewani. Mwaka 2022, baada ya sensa, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilipelekwa kwa walimu, na walimu vijana huja kunionyesha vyao, wakishangaa kwamba mimi bado nimekazana na vioo vya kijivu. Huwaambia vishikwambi ni vizuri, wavitumie. Lakini wawape watoto pia kitu kinachoweza kufunguliwa kwa bisibisi, kieleweke chote, kifungwe tena na kifanye kazi.

Kwa yule anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Anza na kitu kuukuu cha bei ndogo ambacho hutalia kikifa. Toa betri kabla hujakiweka. Kikinge na unyevu. Huku kwetu miezi ya Juni hadi Agosti ukungu huingia hata kabatini, nami huweka kifuko cha mchele mkavu ndani ya sanduku. Usinunue cha pili kabla hujakijua cha kwanza. Na uwe na daftari, kwa sababu iko siku mtu atataka kujua nani alikuwa anacheza, na mashine haitamwambia.

Kwa wale wanaoendelea kunisikitikia, nasema asante. Mwaka ujao panapo majaliwa nitatimiza miaka sabini na sita. Yako mambo mengi ambayo umri wangu umenizuia kuyafanya: kushuka hadi Mombo kwa miguu, kupanda mti wa peasi, kusoma maandishi madogo. Kuzungusha tofali kabla halijagusa chini bado naweza, na kila jioni kuna dakika chache ambapo sijali kama nilikuwa mwalimu mkuu au mlinzi wa shule. Tofali linakuja, nami natazama liende wapi.